Kuchagua vijazo vya kichujio cha tangi la samaki kwa maji ya Unguja

Michenzani, Zanzibar

Katika majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki, dumu la maji lina uzito ambao mkaazi wa nyumba ya chini hana haja ya kuufikiria. Siku ambazo msukumo wa bomba ni mdogo, maji hayapandi yenyewe hadi ghorofa za juu. Hupandishwa kwa ngazi, mkononi au begani. Kwa sababu hiyo, familia inayofuga samaki wa mapambo katika tangi la kioo sebuleni hukabiliwa na suali ambalo maelezo mengi ya ufugaji yaliyoandikwa kwa wasomaji wa Ulaya hulipita haraka. Maelezo hayo humtaka mfugaji abadilishe maji kila yanapochafuka, kana kwamba maji yapo tu.

Hesabu yake ni nyepesi. Tangi lenye urefu wa sentimita 80, upana wa sentimita 35 na kina cha maji cha sentimita 36 hubeba lita 100 hivi. Iwapo kichujio chake hakifanyi kazi ipasavyo na mfugaji akalazimika kumwaga nusu ya maji mara mbili kwa wiki, atahitaji madumu matano ya lita 20. Kichujio kikipangwa vyema na samaki wasirundikwe, dumu moja kwa wiki hutosha. Tofauti ya madumu manne kila wiki, katika nyumba ambayo maji hayo hayo ndiyo ya kupikia, kufulia na kutawadhia, ni sababu tosha ya mtu kutaka kujua nini hasa kimo ndani ya kichujio chake na kwa nini.

Vichujio vinavyouzwa madukani huja na vijazo vyake tayari: kipande cha sponji, kifuko cha mkaa, pengine na vigae vidogo vya kauri. Mtengenezaji amevipanga kwa ajili ya maji yasiyojulikana, ya mji wowote duniani. Maji ya Unguja yana tabia yake.

Maji yaliyopita katika mawe ya chokaa

Sehemu kubwa ya kisiwa cha Unguja imekaa juu ya mawe ya matumbawe ya kale na chokaa. Maji ya mvua huzama katika ardhi hiyo, hupenya kwenye nyufa na mapango, kisha huchimbwa kwa visima au hutoka yenyewe katika chemchemi. Hata maji ya bomba ya kwanza ya mjini, yaliyoletwa kutoka chemchemi za upande wa kaskazini wa mji katika utawala wa Sultan Barghash (1870 hadi 1888), yalikuwa ya aina hiyo, na leo Mamlaka ya Maji Zanzibar (ZAWA) bado huitegemea hazina hiyo ya chini ya ardhi. Maji hayo hubeba kalsiamu na kaboneti. Mama wa nyumba huyafahamu bila ya maabara: ni yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika na yanayofanya sabuni ichelewe kutoa povu. Kitaalamu huitwa maji magumu, na kwa kawaida kipimo chake cha pH huwa juu kidogo ya 7, yaani huelemea upande wa alikali.

Ugumu huo una faida na una hatari, na vyote viwili huanzia katika kitu kimoja kinachoitwa amonia.

Samaki hutoa amonia kwa njia ya mashavu na kinyesi. Chakula kilichobaki chini ya tangi nacho huoza na kutoa amonia. Ndani ya maji, amonia huishi katika sura mbili zinazobadilishana: moja haina madhara makubwa, ya pili ni sumu inayounguza mashavu ya samaki na kumfanya ahemee juu ya maji. Kinachoamua ni sura ipi itakuwa nyingi ni pH na joto. Katika maji ya nyuzi joto 25 yenye pH 7, sura ya sumu ni chini ya asilimia moja ya amonia yote. Katika joto hilo hilo, pH ikipanda hadi 8, hufika zaidi ya asilimia tano, yaani karibu mara kumi. Maji ya tangi sebuleni Michenzani katika miezi ya kaskazi huweza kuzidi nyuzi 28 bila ya kipasha joto chochote, na hapo kiwango hicho hupanda zaidi. Ndiyo kusema kwamba kiasi cha uchafu ambacho samaki wa tangi lenye maji laini ya baridi angekistahamili, huku kinaweza kumuua.

Hivyo mfugaji wa Unguja hana nafasi ya kuwa na kichujio dhaifu. Lakini, na hapa ndipo ilipo faida, maji yake yenyewe humsaidia kukijenga.

Kazi isiyoonekana

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya kichujio ni kunasa takataka, kama kichujio cha chai. Kunasa takataka ni sehemu tu ya kazi, tena sehemu ndogo. Tangi linaweza kuwa na maji meupe kama kioo na samaki wakafa kwa sumu, kwa kuwa amonia haina rangi. Kazi kubwa hufanywa na bakteria wanaojishikiza juu ya vijazo. Kundi la kwanza hula amonia na kuigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kwani huingia katika damu ya samaki na kuizuia isibebe oksijeni. Kundi la pili hula nitriti na kuigeuza kuwa nitrati, ambayo samaki wengi huistahamili mpaka iwe nyingi sana. Nitrati ndiyo inayoondolewa kwa kubadilisha maji.

Bakteria hao hawanunuliwi kwa mkupuo. Katika tangi jipya huchukua mwezi mmoja hadi wiki sita kuongezeka kiasi cha kutosha, na hapo ndipo wafugaji wengi wapya hupoteza samaki wao: hununua tangi siku ya Jumamosi, hutia samaki kumi siku hiyo hiyo, na wiki ya pili hulaumu aliyewauzia. Njia ya kuaminika ni kuanza na samaki wawili au watatu wadogo, kuwalisha kidogo, na kuongeza wengine baada ya mwezi. Iliyo bora kuliko hiyo ni kuomba kipande cha sponji kutoka katika kichujio cha jamaa ambaye tangi lake ni la muda mrefu na samaki wake wana afya, na kukiweka katika kichujio kipya kikiwa bado kimelowa.

Bakteria hao wanahitaji vitu vitatu: mahali pa kujishikiza, oksijeni nyingi, na kaboneti. Kila gramu moja ya naitrojeni ya amonia inapogeuzwa kuwa nitrati, hutumika zaidi ya gramu nne za oksijeni na gramu saba hivi za alikali ya maji, ikipimwa kwa kaboneti ya kalsiamu. Katika nchi zenye maji laini, wafugaji huongeza kaboneti kwa makusudi ili bakteria wasikwame. Maji ya visima vya Unguja yanayo tayari. Kile kinachoharibu birika ndicho kinacholisha kichujio.

Mambo hubadilika msimu wa masika, familia inapokinga maji ya mvua na kuyatumia katika tangi. Maji ya mvua ni laini, karibu hayana kaboneti kabisa. Kwa wiki chache kila kitu huonekana sawa, kisha alikali iliyobaki humalizika, pH huporomoka, bakteria husita, na amonia hurundikana. Tiba yake ni rahisi: ama kuchanganya maji ya mvua na ya bomba nusu kwa nusu, au kuweka ndani ya kichujio kiganja kimoja cha changarawe za chokaa au vipande vya makombe ya baharini yaliyokaushwa na kuchemshwa. Maji yakianza kuwa na asidi, vipande hivyo huyeyuka polepole na kuyarudisha. Kwa anayetumia maji ya bomba au ya kisima, kijazo hicho hakina kazi na hakifai. Kitazidi kupandisha kile ambacho tayari kiko juu.

Ni vyema kusisitiza kwamba vipande hivyo visitoke katika matumbawe ya baharini, hai au yaliyovunjwa. Matumbawe ni mazalio ya samaki na ngao ya ufukwe. Changarawe za chokaa za mafundi wa ujenzi hufanya kazi ile ile, na makombe ya chaza au kome huokotwa jikoni.

Nini kitiwe, na kwa mpangilio gani

Sponji ndiyo kijazo cha kwanza kwa umuhimu. Iliyo nzuri ni ya matundu makubwa kiasi, ambayo maji hupita bila ya kusukumwa kwa nguvu. Vipande vya godoro hutumika sana kwa kuwa ni rahisi kupatikana kwa mafundi, lakini si kila godoro linafaa: lililotiwa rangi au dawa ya kuzuia wadudu au moto huachia kemikali majini. Kipande kisichojulikana asili yake kioshwe, kilowekwe kwa siku kadhaa katika ndoo, na kama maji yakitoa harufu au povu, kiachwe. Sponji za asili zinazolimwa na akina mama wa Jambiani ni kitu kingine kabisa. Hizo ni za kuogea, huuzwa kwa bei yake, na kuzitia katika kichujio ni kuzipoteza bure.

Baada ya sponji hufuata kijazo kigumu chenye vinyweleo, makaazi makuu ya bakteria. Kisiwa cha Unguja hakina volkeno, hivyo mawe mepesi yenye vishimo yanayopatikana Mbeya na katika nyanda za juu za kaskazini mwa Tanzania Bara hayaokotwi hapa. Badala yake kuna vigae vya vyungu. Chungu cha udongo kilichovunjika, ambacho hakikupakwa rangi wala kung'arishwa kwa kemikali na hakikutumiwa kupikia mafuta, hupondwa vipande vya ukubwa wa kokwa ya tende, huoshwa mpaka maji yatoke meupe, na kuwekwa katika kifuko cha wavu. Sura ya kigae hicho kwa jicho ni laini, lakini kwa bakteria ni mji wenye vichochoro. Ubora wake haufikii kauri maalumu za viwandani, ingawa kwa tangi la lita 100 lenye samaki wachache hutosha, na gharama yake ni kazi ya mkono.

Kijazo cha tatu ni pamba ya nailoni inayotumiwa kujazia mito. Hunasa vumbi jembamba na kuyang'arisha maji. Huziba haraka, hivyo hukaa mwisho wa njia ya maji, na hutupwa kila baada ya wiki moja au mbili. Pamba ya shambani haifai, kwa kuwa huoza.

Mpangilio huo, yaani sponji kwanza, vigae katikati na pamba mwisho, una maana yake. Takataka kubwa zikiwahi kunaswa na sponji, vinyweleo vya vigae haviwahi kuzibwa na tope, na bakteria waliomo hupata maji yenye oksijeni. Kinyume chake, vigae vikitangulia, baada ya miezi miwili hugeuka kuwa mfuko wa matope usiopitisha hewa.

Mkaa, na dhana zake

Hakuna kijazo kinachotukuzwa na kutoeleweka kama mkaa. Mkaa ulioamilishwa, hasa ule wa vifuu vya nazi, unasifika duniani kote kwa wingi wa vinyweleo vyake vidogo mno. Hutengenezwa kwa kuchoma vifuu bila ya hewa ya kutosha, kisha kuvipitishia mvuke katika joto la nyuzi 800 hadi 1,000. Hatua hiyo ya pili ndiyo inayofungua vinyweleo. Mkaa wa jiko haukuipitia. Kuuosha na kuutia katika kichujio hakudhuru sana, lakini uwezo wake wa kunasa ni mdogo, na majivu yake hupandisha pH, jambo ambalo katika maji yetu halihitajiki. Mkaa wa mikoko una dhambi ya ziada, kwa kuwa mikoko hiyo ndiyo inayolinda fukwe na mazalio.

Mkaa ulioamilishwa huondoa rangi, harufu, klorini na mabaki ya dawa. Hauondoi amonia, nitriti wala nitrati. Mfugaji anayetegemea mkaa peke yake amenunua usafi wa macho. Baada ya wiki tatu au nne hujaa na hauna kazi tena isipokuwa ile ya kuwa kokoto nyeusi zenye bakteria. Samaki wakipewa dawa, mkaa utolewe kwanza, vinginevyo utainasa dawa kabla haijawafikia wagonjwa.

Kwa tangi la kawaida, basi, mkaa si wa lazima. Una nafasi yake pale ambapo maji yamegeuka rangi ya chai kwa sababu ya magogo au usumba, au baada ya kumaliza matibabu.

Kosa linalorudiwa

Makosa mengi katika ufugaji huu hutokana na upenzi wa usafi. Mfugaji huona sponji imekuwa ya kahawia, huichukua hadi kwenye bomba, huikamua mpaka ing'are, na huirudisha akiwa ameridhika. Siku tatu baadaye samaki wanahema juu ya maji. Rangi ile ya kahawia ilikuwa na bakteria aliowalea kwa wiki sita, na klorini ya maji ya bomba ndiyo iliyowaua.

Sponji ioshwe ndani ya ndoo yenye maji yaliyotolewa kwenye tangi lenyewe, siku ya kubadilisha maji, kwa kukamuliwa mara mbili tatu tu. Vigae viguswe mara chache sana, pengine mara moja kwa miezi mitatu au minne, na kamwe visioshwe siku moja na sponji. Maji mapya yanayotoka bombani yaachwe wazi kwa saa 24 kabla ya kutiwa, ili klorini itoke. Maji ya kunywa ambayo nyumbani yametiwa WaterGuard yasitumike kabisa bila ya kupumzishwa hivyo, kwani dawa hiyo ni klorini. Dumu au ndoo inayoachwa wazi ifunikwe kwa kitambaa chembamba. Mbu anayeeneza homa ya dengi hutaga katika maji masafi yaliyotulia, na haina maana kuokoa samaki kwa kumletea jirani homa.

Baadhi ya familia hutumia maji ya visima vya karibu na pwani, yenye chunyu. Kwa samaki wengi wa maji baridi chunyu kidogo si adui. Chembe za kloraidi zilizomo huzuia nitriti isiingie kwa wingi katika mashavu ya samaki, na kwa hiyo huwapa muda wa kupona. Hata hivyo, mvuke unapotoka chumvi hubaki, na mfugaji anayejazia tu bila ya kumwaga huiongeza mwezi hadi mwezi. Visima vya mjini vina tatizo jingine ambalo halionekani: mashimo ya vyoo yakiwa karibu, maji huja na nitrati tayari kutoka ardhini. Vipimo vya karatasi vinavyobadilika rangi hulionesha jambo hilo kwa dakika moja, na ni vyema kupima maji ya kisima chenyewe kabla ya kulaumu kichujio.

Dawa ya nitrati isiyogharimu maji ni mmea. Kipande cha shina la matembele kikiwekwa mdomoni mwa tangi, majani yakiwa nje hewani na mizizi ikining'inia majini, hutoa mizizi ndani ya siku chache na kuanza kunyonya nitrati. Kinavyostawi ndivyo maji yanavyosafika. Majani yanayozidi hukatwa, mradi samaki hawajatiwa dawa, na hapo mfugaji huvuna mboga kutoka katika kinyesi cha samaki wake, ambalo ni wazo la kale kuliko matangi ya kioo.

Umeme unapokatika

Wakaazi wa Unguja hawajausahau mwaka 2008, ambapo kisiwa kizima kilikosa umeme kwa takriban mwezi mmoja, kuanzia Mei hadi Juni, wala kipindi cha Disemba 2009 hadi Machi 2010, ambapo giza lilidumu karibu miezi mitatu. Kukatika kwa namna hiyo ni nadra, lakini saa chache hutosha kuleta madhara katika tangi. Pampu ikisimama, maji yaliyomo ndani ya kichujio kilichofungwa huishiwa oksijeni, bakteria huanza kufa, na pampu inaporudi husukuma uoza huo wote kwa samaki.

Hapo ndipo kichujio chepesi cha sponji kinachoendeshwa na pampu ya hewa kinapozidi vile vya gharama. Sponji yake imo ndani ya tangi, imezungukwa na maji yenye samaki na hewa, na hata pampu ikisimama haifungiki. Zipo pampu ndogo za hewa zinazotumia betri au kuchajiwa kama simu, na moja hutosha kuendesha sponji hiyo usiku kucha. Mwenye kichujio cha nje kilichofungwa, umeme ukipotea kwa zaidi ya saa mbili, akifungue, atoe vijazo na kuvielea ndani ya tangi. Umeme ukirudi, maji yaliyobaki ndani ya chombo cha kichujio yamwagwe kwanza. Samaki wasilishwe mpaka hali irejee. Siku mbili bila ya chakula hazimuui samaki mzima.

Bwawa lisilo na kichujio

Nungwi, kaskazini mwa kisiwa, lipo bwawa la Mnarani ambalo jamii ya hapo ilianza kulitumia kuwatunza kasa mwaka 1993. Bwawa hilo halina sponji wala pampu. Ni shimo la asili katika mwamba wa matumbawe, na maji ya bahari huingia na kutoka kwa kupwa na kujaa, yakipenya ndani ya mwamba wenyewe. Mwamba ule ni kijazo cha ukubwa ambao hakuna anayeweza kukinunua, na bahari ndiyo inayobadilisha maji mara mbili kwa siku. Kwa anayetaka kuelewa kichujio ni nini, safari ya Nungwi hufundisha zaidi kuliko sanduku la dukani: maji yanayotembea, mwamba wenye vinyweleo, na hewa.

Bali kiumbe ambaye angestahiki zaidi tangi la Mzanzibari haishi baharini. Ni samaki mdogo asiyezidi urefu wa kidole, dume lake likiwa na mkia mwekundu na mwili wa buluu ya kijani, anayeishi katika madimbwi ya mvua ya Unguja na hajulikani kuwa wa asili mahali pengine popote duniani. Jina lake la kisayansi ni Nothobranchius guentheri. Alielezwa mwaka 1893 na Georg Pfeffer wa Hamburg, kutokana na samaki waliokusanywa na Franz Stuhlmann. Tangu miaka ya 1970 wanasayansi wamemtumia kuchunguza namna viumbe wanavyozeeka, kwa kuwa maisha yake yote hukamilika ndani ya mwaka mmoja au pungufu yake. Wafugaji wa Ulaya, Marekani na Asia humlea kwa vizazi katika matangi yao. Huku kwao, madimbwi yake hufukiwa kwa ajili ya viwanja, hupokea dawa za mashamba, na wakati mwengine hutupiwa samaki wa kigeni waliochokwa na wenyewe.

Hilo la mwisho liko ndani ya uwezo wa kila mfugaji. Samaki wa tangi hatupwi dimbwini, mtaroni wala chemchemi, hata kwa huruma. Apelekwe kwa mfugaji mwengine. Maji machafu ya tangi yamwagwe kwenye mimea ya bustani, ambayo hunufaika na nitrati yake, na si katika mtaro unaoelekea kwenye dimbwi.

Kwa mwenye nia ya kumlea samaki huyo wa nyumbani, vijazo hubadilika tena. Hapendi mkondo mkali, kwa kuwa madimbwi yake yametulia. Sponji moja inayopuliziwa hewa taratibu inamtosha, bila ya pampu ya maji. Mkaa hauhitajiki, kwa sababu maji yenye rangi kidogo ndiyo aliyoyazoea. Chini ya tangi huwekwa bakuli lenye usumba wa makumbi ya nazi, uliochemshwa mara kadhaa mpaka maji yake yasitoke meusi. Humo ndimo dume na jike huzika mayai, kama wafanyavyo katika tope la dimbwi kabla ya kiangazi. Baada ya wiki moja au mbili usumba hutolewa, hukamuliwa ukabaki na unyevu kama wa tumbaku, hufungwa ndani ya mfuko wa plastiki wenye tarehe, na kuwekwa mahali penye kivuli. Hukaa hivyo takriban miezi mitatu, bila ya maji na bila ya umeme. Kisha hutiwa ndani ya chombo cha kina kifupi na kumwagiwa maji yaliyotulia, na mayai yakiwa tayari, vifaranga huonekana wakiogelea ndani ya saa chache.